Usiniletee Madai ya Bima Yenye Uongo Niyaombee

Leo nasema na wewe mwenye gari, na wewe unayeendesha gari la mwenzako.

Barabara yetu ya Likoni kwenda Lunga Lunga unaijua. Malori, matatu, Probox, tuktuk, bodaboda na mbuzi, wote wanataka lami ile ile. Ukigongana pale Ukunda, hata vumbi halijatulia, mmoja anakuambia, "Mzee, tumalizane hapa hapa." Mwingine anakunong'oneza, "Sema aliyekuwa kwenye usukani ni shemeji yako, yeye ana leseni." Ukifika gereji, fundi naye anataka kuingiza ule mlango uliobonyea mwaka jana, eti bima italipa. Halafu Jumapili unaleta ile fomu madhabahuni tuiwekee mikono. Mimi sitaiwekea.

Wengi wenu mna bima ya mtu wa tatu, ile ya lazima chini ya Sura ya 405, na mnadhani itawatengenezea bampa. Haitatengeneza. Ipo kwa ajili ya yule uliyemuumiza: mwenda kwa miguu, abiria, kijana wa bodaboda. Gari lako mwenyewe linataka bima kamili, na hata hiyo huwa kuna sehemu ya gharama unayobeba wewe.

Sasa fikiria. Umekata bima ya matumizi binafsi kwa kuwa ni rahisi, lakini kila alfajiri Probox yako inapakia abiria wa Msambweni kwa nauli. Mama mmoja anavunjika nyonga ndani yake. Kampuni inaweza kwenda mahakamani kuomba isilipe, kwa sababu bima uliipata kwa maelezo ya uongo. Ikifaulu, yule mama anabaki na wewe, na wewe una nini? Shamba la minazi? Uongo wako umemwibia mjane, wala si kampuni ya Nairobi.

Hilo la kumalizana barabarani pia silipendi, mtu akiwa ameumia. Leo anasimama, anajipangusa, anapokea elfu mbili. Keshokutwa yuko hospitali ya Msambweni, na hakuna abstrakti ya polisi ya kuanzia madai. Sheria ya Trafiki inakutaka usimame, na ajali uiripoti polisi ndani ya saa 24. Kukimbilia kwa pasta kwanza hakuhesabiki.

Kuna ndugu wataniuliza: je, nikiri kosa pale pale? Hapa kuna ugumu wa kweli. Hati nyingi za bima zinakukataza kukubali lawama au kuahidi malipo kabla ya kampuni kuridhia. Basi usitie sahihi karatasi ya mtu kando ya barabara. Lakini hakuna hati inayokukataza kumbeba majeruhi, kumpelekea uji wodini, na kumweleza polisi ukweli wote, hata ule unaokuuma. Soma Kutoka 22 uone jinsi Torati ilivyomdai aliyeharibu shamba la jirani, na hata aliyeazima mnyama wa mwenzake akaumia mikononi mwake. Pole peke yake haikutosha. Wewe uliyeazima gari la mzee wa kanisa, hiyo sura ni yako.

Kuhusu gereji, piga picha kabla gari halijavutwa, na usimruhusu fundi afungue chochote kabla mkadiriaji wa bima hajaliona. Kampuni ikikuzungusha, IRA, mamlaka inayosimamia bima, hupokea malalamiko. Hiyo hiyo IRA ina kitengo cha kuchunguza ulaghai, na polisi wamo humo. Ule mlango wa mwaka jana utaulizwa.

Usiku huu, kabla hujalala, toa hati yako kwenye droo usome palipoandikwa matumizi ya gari. Ukikuta "binafsi" na gari lako linalala stendi ya Ukunda likingoja abiria, asubuhi mpigie ajenti wako kabla hujawasha injini.