Ubuyu Unaofukuza Watu Kazi: Mabosi wa Mikumi na Kilosa, Hili Lenu

Leo simwagi ubuyu, leo nausema ubuyu wenyewe. Kuna mchezo unachezwa huku Kilosa na Mikumi, na naamini hata huko uliko upo, unakula ajira za watu kimya kimya. Majina yote kapuni kama kawaida yetu. Ila ukijiona humu ndani, basi ni wewe.

Tuanze na dada mmoja wa loji moja kando ya barabara kuu pale Mikumi. Aliingia kama mtu wa mapokezi. Akajiongeza, akatafuta leseni, akajifunza kuwapeleka wageni hifadhini, na uwanda wa Mkata anaujua kuliko madereva waliomtangulia. Supavaiza akaanza kumtaka. Dada akakataa, tena kwa adabu. Haikupita muda, kwenye grupu la WhatsApp la wafanyakazi pakaanza maneno: "Huyu anavyovaa masuruali na kukataa wanaume, msagaji huyu." Mkataba wake wa miezi mitatu ulipoisha, haukuongezwa. Sababu? "Haendani na timu."

Haya, kaka mmoja wa loji nyingine hapo hapo. Kazi yake kutandika vitanda na kupanga vyumba, na anajua kazi mpaka wageni wanamuulizia kwa jina. Sauti yake nyembamba, ndivyo Mungu alivyomuumba. Siku moja akauliza kwenye kikao: malipo ya saa za ziada vipi? Meneja akamjibu mbele ya watu wote: "Wewe kwanza ni mwanaume kweli?" Kikao kizima kikacheka. Swali la saa za ziada likafia pale pale.

Kilosa mjini nako kuna binti fundi umeme, anaitwa jike dume mpaka na mama ntilie anayemuuzia chai. Akidai hela yake kwa mkandarasi anaambiwa akaolewe kwanza.

Sasa niambieni, katika hizo stori tatu, nani alikuwa anaongelea mapenzi ya mtu? Hakuna. Mmoja alikataa rushwa ya ngono. Mwingine alidai saa za ziada. Mwingine alidai ujira. Umbea wa "huyu sio mwanamke kamili, yule sio mwanaume kamili" uliingia pale ambapo bosi alikuwa hana jibu. Hii ndiyo hoja yangu leo, na sirudi nyuma: huku kwetu tuhuma ya ushoga na usagaji imekuwa njia ya bei rahisi kuliko zote ya kumnyamazisha mfanyakazi. Haihitaji ushahidi, haihitaji barua ya onyo, haina mafao. Inahitaji kicheko tu.

Na inafanya kazi kwa sababu ya uzito wa sheria. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, sheria iliyoanza 1930 enzi za Mwingereza, na adhabu yake ikaongezwa makali mwaka 1998, kinataja kifungo cha miaka isiyopungua 30 hadi maisha. Miaka 30! Sasa mtu akishapakwa hayo matope, atakwenda wapi kulalamika? Aende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi aseme "nimefukuzwa kwa sababu wananiita hivi"? Anaogopa. Awe kweli au siyo kweli, woga ni ule ule. Ndugu zake wanamwambia nyamaza, rudi nyumbani, yatapita. Bosi analijua hilo, ndiyo maana anatamba.

Wengine mtasema, "Lakini ni sheria ya nchi." Sawa, tuisome basi. Kifungu hicho kinazungumzia tendo. Hakisemi sauti nyembamba. Hakisemi mwanamke anayenyoa denge, wala anayeendesha Land Cruiser, wala anayekataa kutongozwa na supavaiza. Hakimpi meneja wa loji kazi ya polisi, mwendesha mashtaka na hakimu kwa wakati mmoja, huku ameshika daftari la mahudhurio.

Halafu kuna sheria nyingine ambayo mabosi hawapendi tuisome. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mfanyakazi kwa rangi, kabila, dini, jinsi, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, majukumu ya familia, ulemavu, VVU, umri na mengine. Tena inasema kumnyanyasa mtu kwa sababu hizo nako ni ubaguzi. Nani anampenda nani haimo kwenye orodha hiyo, tuwe wakweli. Lakini "mwanamke hawezi kuendesha gari la watalii" imo. "Kaolewe kwanza" imo. Sheria hiyo hiyo inasema saa za ziada zinalipwa si chini ya mara moja na nusu ya ujira wa kawaida, na haijaandika popote "isipokuwa mwenye sauti nyembamba".

Na ule ujanja wa mikataba ya miezi mitatu mitatu? Ni kweli ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi bila haki haumgusi aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo. Lakini wanachokuficha ni kwamba inahesabiwa mikataba yote uliyofanya kwake, si mmoja. Miezi mitatu mara tatu ni tisa, bosi, hesabu hiyo ni ya darasa la pili. Na kama ulikuwa na sababu ya msingi kutarajia mkataba utaongezwa, kukunyima nako kunaweza kuhesabiwa kukuachisha kazi. Una siku 30 za kufungua mgogoro Tume ya Usuluhishi. Ukikaa unalia kwenye status mpaka mwezi unakatika, umemsaidia yeye.

Mnakumbuka Oktoba 2018? Mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam wa wakati ule aliwataka wananchi wamtumie majina ya watu wanaowashuku. Akatangaza amepokea jumbe 5,763, na ndani yake majina zaidi ya 100. Wizara ya Mambo ya Nje ikatoka na tamko kwamba yale yalikuwa maoni yake binafsi, siyo msimamo wa serikali. Sawa, tamko likatoka. Lakini angalia zile namba: jumbe maelfu, majina mia na kidogo. Ukimwambia Mtanzania "nitumie jina", atatuma, na wala hatauliza jina hilo litakwenda kufanywa nini. Ugomvi wa kiwanja, wivu, deni la vikoba, vyote vinaweza kuingia kwenye meseji moja.

Najua wapo watakaosema haya mambo ni ya Wazungu. Basi tuwaache Wazungu, twende India, ambako watu wana dini mpaka kwenye dashibodi ya bajaji. Wao walirithi sheria ya Mwingereza kama sisi. Septemba 2018, mwezi mmoja kabla ya zile meseji za Dar, Mahakama Kuu ya juu kabisa ya India iliamua kwamba mapenzi ya watu wazima walioridhiana si jinai. Na mwaka mmoja kabla ya hapo, 2017, treni za mjini za Kochi, jimbo la Kerala, ziliajiri watu zaidi ya 20 wanaoishi kwa jinsia tofauti na waliyoandikiwa walipozaliwa. Dunia ikashangilia. Muda si mrefu, baadhi yao wakaacha kazi. Unajua kwa nini? Wenye nyumba waligoma kuwapangisha, na waliopata chumba walitozwa bei isiyolipika kwa mshahara ule. Kazi ilikuwepo, sare ilikuwepo, pa kulala hapakuwepo.

Hapo ndipo mtaa unapoingia, wadau, maana mtaa una nguvu kuliko bosi. Huku Mikumi mji ni mdogo. Meneja wa loji hii anakunywa na meneja wa loji ile. Ukichafuliwa jina Jumatatu, Jumatano limeshafika Ruaha, na Ijumaa mwenye nyumba wako anaulizia kodi ya miezi sita kwa mpigo. Tangu SGR ianze safari za Dar mpaka Dodoma Julai 2024, na Kilosa ina stesheni, tunasema fursa zimekuja. Zimekuja kwa nani, kama dada mwenye leseni anarudishwa mapokezi na kaka anayejua kazi anafukuzwa na kicheko?

Sikwambii ubadilishe imani yako. Nenda msikitini, nenda kanisani, kaa na msimamo wako. Ninachokwambia ni kidogo na hakikugharimu hata bando. Kwenye kikao, meneja akianza "wewe ni mwanaume kweli", usicheke. Ule mcheko wako ndio barua ya kumfukuza mwenzio. Kwenye grupu, voisi ya kumchafua mtu ikiingia, usiisambaze. Itunze, ni ushahidi, siku moja atauhitaji. Supavaiza akitaka mwili ili akupe zamu nzuri, hiyo ni rushwa ya ngono, imo kwenye kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na namba ya TAKUKURU ni 113, bure.

Na wewe bosi unayejijua: mgeni aliyelipa dola zake kuja kuona simba hakuuliza dereva wake analala na nani. Aliuliza simba wako wapi. Yule dada alikuwa anajua. Mbadala wake hajui, na wageni wako wanarudi hotelini wamepiga picha za swala tu.

Haya, uwanja ni wenu. Dondosheni maoni hapo chini, nibisheni mpaka mchoke. Ila atakayetaja jina la mtu, nafuta.