Tazama Kipimo, Usitazame Bei Tu



Mama mmoja alitujia na daftari mkononi. Kikundi chao cha akina mama kumi na wawili wa mtaa mmoja kilikuwa kimekopa fedha, na kwa kuwa wa kwanza kufanikiwa aliuza nyanya, wengine wote nao wakauza nyanya. Wanaamka saa tisa usiku kufuata matenga sokoni, wanarudi kupanga mafungu kando ya barabara, na bado marejesho yanawashinda. "Tunafanya kazi na tunasali," alisema, "mbona fedha hatuzioni?" Kilichomliza zaidi ni kwamba mumewe alikuwa ameanza kusema kuwa fedha zinapelekwa ukweni kwake.

Tulilikagua daftari lile ukurasa kwa ukurasa. Hakuna fedha iliyopotea. Bei ya fungu ilikuwa ileile tangu Januari hadi Juni. Ndipo tukamwuliza swali ambalo halikuandikwa mle: fungu lako lina nyanya ngapi? Akafikiri kidogo. Walianza na nyanya nne, akasema, sasa ni sita, na mteja akisitasita anaongezewa moja juu. Faida ya nyumba ile ilikwenda na nyanya hizo tatu.

Akina mama, mahali penye wauzaji wengi wa kitu kilekile hakuna hata mmoja wao anayepanga bei. Nyanya iliyotoka Ilula haijui imepangwa kwenye meza ya nani. Ukiongeza shilingi mia, mteja anapiga hatua tatu tu na kununua kwa jirani yako, tena jirani huyo ni mwenzako wa kikundi. Nyanya nayo haingoji. Ikiwa Jumatano haikununuliwa, Ijumaa ni ya kumwaga. Kwa hiyo bei inabaki palepale ili watu wasione aibu, lakini fungu linanenepa.

Mkulima naye yamemkuta hayo hayo upande wake. Wakulima ni maelfu, waliotawanyika mashambani, na wanunuzi wenye magari ni wachache. Basi gunia linashindiliwa, linaongezewa kichwa juu, linafungwa kamba, na linaitwa gunia moja. Hiyo ndiyo lumbesa. Serikali imeikataza mara nyingi, lakini mwenye vitunguu vinavyoanza kuchipua hana nguvu ya kumkatalia mwenye lori.

Sasa geukeni mtazame wauzaji wakiwa wachache. Hapo kipimo hakinenepi, kinakonda. Mtakumbuka mwezi wa Aprili 2021, vifurushi vipya vya simu vilipoanza kutumika hapa Tanzania. Watu waliona kwamba fedha ileile sasa inanunua kidogo kuliko jana, na malalamiko yakawa makubwa hadi serikali ikaagiza vile vya zamani virudishwe. Kampuni za simu zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja au miwili. Ukiihama moja, unakuta ya pili inauza karibu sawa na ile uliyoiacha.

Wachache wakigombana kweli, mnunuzi hupumua, lakini ugomvi wao hauna maisha marefu. Wengi wetu hatunywi bia, ila fedha za bia hutoka katika nyumba hizi hizi tunazoziombea, kwa hiyo mfano huu unatuhusu. Mwaka 1998 kampuni kubwa ya bia ya Afrika Kusini ilifungua kiwanda Thika, Kenya, ili kushindana na kampuni kongwe ya nchi ile. Wakenya nao walikuwa na kiwanda cha bia Moshi, wakishindana na wageni hao hao upande wa Tanzania. Walipigana kwa matangazo na kwa bei. Mwaka 2002 wakakaa mezani wakapatana: kiwanda cha Thika kikafungwa, Wakenya wakaiacha biashara yao ya Moshi, na kila upande ukapata asilimia 20 ya hisa katika kampuni ya mwenzake ya nchi ya pili. Kenya ikabaki na mkubwa mmoja, Tanzania vilevile.

Na pale ambapo muuzaji ni mmoja peke yake? Sisi tuliokuwa na nyumba miaka ya mwanzo ya 1980 hatuhitaji kuelezwa na mtaalamu. Unga, sukari na sabuni vilipita katika mashirika ya umma na maduka ya kaya. Tulipanga foleni na watoto mgongoni, tukala unga wa Yanga na kumshukuru Mungu. Mtu hakuuliza bei, aliuliza kama ipo. Ruksa ilipotolewa maduka yakajaa, na ndipo tulipojifunza upya kuuliza bei.

Biblia nayo inacho kisa hicho. Katika Mwanzo 47 Yusufu alikuwa na ghala zote za nafaka za Misri. Watu walileta fedha kwanza. Fedha zilipokwisha wakaleta mifugo, kisha mashamba, na mwishowe wakajitoa wenyewe kuwa watumishi wa Farao. Mahubiri mengi husifu hekima ya Yusufu ya kuweka akiba, nasi tunaisifu, maana watu walipona njaa. Lakini mama anayesoma sura ile huku akifikiria sufuria yake hawezi kuacha kuona ni gharama gani waliyoilipa. Ndiyo maana umeme, unaouzwa na TANESCO karibu peke yake, bei yake haiachwi mikononi mwa muuzaji bali huangaliwa na EWURA. Sheria ya ushindani ya mwaka 2003 nayo ilileta tume ya kuwatazama wakubwa wanaotaka kupatana kwa siri.

Tumrudie mama wa nyanya, maana yeye hawezi kungoja tume. Tulimwambia awatazame wauzaji wa aina nyingine walio wengi, nao wanaishi: washonaji, wasusi, mama lishe. Kila mtaa unao, lakini mteja hapigi hatua tatu na kuhama kirahisi. Vipimo vya gauni lake vimeandikwa katika daftari la fundi wake, na anajua ni mkono gani unaomsuka bila kumwumiza kichwa. Fundi huyo anaweza kuongeza bei kidogo na watu wakamngoja. Lidia aliyeuza nguo za zambarau, katika Matendo 16, hakika hakuzipanga kwa mafungu.

Alirudi nyumbani akafanya jambo dogo. Alianza kuzichambua nyanya zake. Zilizoiva sana anawapelekea mama lishe watatu kila asubuhi kwa ndoo, wazipike siku ileile. Zilizo ngumu anawawekea wanawake wanaonunua za wiki nzima, na anawafikishia mlangoni. Fungu la barabarani amelirudisha kuwa la nyanya nne na hamwongezei mtu. Wateja wa njiani wamepungua. Wale wa ndoo hawajamwacha.

Wenzake watano wameacha nyanya. Mmoja alitaka kukaanga chipsi, tukamwomba kwanza ahesabu mabanda ya chipsi kutoka kwake hadi kituo cha daladala. Alihesabu saba. Bado anafikiri. Mkopo haujaisha, na marejesho mawili walichelewa, lakini mume wa mama yule sasa ndiye anayeandika daftari jioni, naye safari hii wameweka safu ya tatu: idadi ya nyanya katika kila fungu.

Mwezi ujao, Mungu akitujalia, tutazungumza juu ya kuuza kwa mkopo na namna ya kumdai jirani.