Kambi ya Eastleigh na Utii wa Sheria

Wapo wasemao kwamba habari za kambi za kijeshi si za raia, wala si za kanisa. Sisi twakataa. Historia ya kambi ya wanahewa ya Eastleigh, Nairobi, yaonyesha kwamba bunduki isipotii sheria, anayeumia ni mwananchi.

Wakati wa Hali ya Hatari, kuanzia mwishoni mwa 1953, ndege za Uingereza aina ya Lincoln ziliondoka Eastleigh kwenda kuangusha mabomu katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Hata Harvard, ndege zilizoundwa kufunzia marubani, zilitiwa mabomu katika vita hivyo. Mwaka wa 1964, Kenya huru iliunda Jeshi lake la Wanahewa papo hapo Eastleigh, na Waingereza wakawafunza vijana wetu urubani na ufundi wa ndege.

Mnamo Juni 1982, Bunge lilitia katika katiba kifungu cha 2A, KANU ikawa chama pekee halali. Tarehe 1 Agosti mwaka huohuo, baadhi ya wanahewa walijaribu kuipindua serikali. Hatutetei uasi: risasi haiwezi kuwa kura. Lakini adhabu nayo ilivuka mipaka ya haki. Jeshi zima lilivunjwa. Wenye hatia na wasio na hatia wakatiwa kizuizini pamoja. Miaka mingi baadaye, Mahakama Kuu iliamuru baadhi yao walipwe fidia kwa mateso waliyopata.

Katiba ya 2010 ilikusudiwa kuziba ufa huo. Kifungu cha 239 chaweka jeshi chini ya mamlaka ya kiraia na kulikataza kupendelea chama. Kifungu cha 241 chasema halitapelekwa kutuliza ghasia nchini ila kwa idhini ya Bunge la Taifa. Hata hivyo, tarehe 25 Juni 2024, vijana walipoandamana, serikali ilitangaza kuliita jeshi. Bunge likaidhinisha siku iliyofuata. Kwetu sisi, idhini inayofuata tendo ni muhuri tu.

Yohana Mbatizaji aliwaonya askari wasimdhulumu mtu. Nasi twawasihi ndugu zetu makanisani na katika harakati: mtakeni kila mbunge aahidi hadharani kwamba askari hatatoka kambini kabla ya Bunge kujadili na kuamua.