Bibi harusi asipakwe mafuta ya karafuu matupu



Sisi tuko Bugarama, Ngara, mbali kabisa na bahari. Kazi yetu ni cherehani: tunashona magauni ya nikahi na mabuibui, na pembeni tunauza udi, ubani na vichupa vya mafuta ya kunukia kutoka visiwani. Vichupa hivyo mwaka jana vilitutia aibu.

Bibi harusi mmoja alinunua kwetu mafuta ya karafuu. Kichupa kiliandikwa "asilia", basi, tukaamini yanatosha maelezo hayo. Siku mbili kabla ya nikahi shangazi yake akampaka mabega na mgongo bila kuyachanganya na kitu. Asubuhi ngozi imewaka, malengelenge yametoka. Gauni tulilomshonea la ukumbi wa wanawake lilikuwa la mabega wazi. Tukakesha kulitia mikono. Hakutulaumu, na hilo ndilo lililotuuma zaidi.

Wengi tunadhani cha asili hakidhuru. Pale Wawi, Pemba, kwenye kiwanda cha makonyo, mvuke hupitishwa kwenye makonyo ya karafuu, ukabeba mafuta, kisha ukapozwa ili mafuta yajitenge na maji. Rundo zima la makonyo linaishia kwenye mafuta kidogo tu, na ukali wote umo humo. Kilichojaa ndani ni eujenoli, ile ile wanayotumia waganga wa meno kutuliza jino. Sasa kitu cha kutia ganzi jino unampaka binti mgongo mzima?

Singo ya bibi zetu ni jambo jingine. Langilangi, waridi, liwa, karafuu kidogo, vyote vinasagwa vizima, harufu inakaa na ngozi haiungui. Kwa maoni yetu bibi harusi apakwe singo, basi. Akitaka sana mafuta ya karafuu, tone moja kwenye vijiko viwili vya chai vya mafuta ya nazi, ajaribu kwanza ndani ya mkono na kungoja siku nzima. Na afanye hivyo mwezi kabla, si wiki ya harusi. Mjamzito aulize kwanza kliniki.

Usinunue kwa muuzaji asiyejua mafuta yake yametoka wapi, hata tukiwa sisi. Tia tone kwenye glasi ya maji, ukoroge: mafuta halisi ya karafuu ni mazito kuliko maji, huzama. Yakielea, huenda umeuziwa mafuta ya kupikia yaliyotiwa harufu.

Halafu tunajicheka. Huku kwetu mikaratusi imejaa vilimani na mchaichai uko nyuma ya jiko, na Wawi wanakamua mafuta ya majani hayo hayo. Sisi tunayanunua kwenye kichupa!

Siku hizi kila kichupa tunakifungia karatasi yenye maelezo. Wateja wengine wanaiona wanarudisha kichupa mezani, na tunawaacha. Yule bibi harusi alirudi mwezi wa Ramadhani kushona buibui. Alichukua na udi.