Gesi si dawa ya kila bolti

Aliyeandika makala akidai kwamba bolti iliyoliwa kichwa haina dawa ila moto wa gesi, sidhani kama amewahi kulala chini ya gari Masama, tope likimdondokea machoni. Bushi ni mpira. Bomba la breki linaloingia gurudumuni nalo ni mpira. Huko ndiko atapuliza moto?

Anza na mafuta ya kulainisha kutu, yalale usiku kucha. Gonga kichwa kwa nyundo, kisha pachika spana ya boksi ya pembe 6. Ya pembe 12 ndiyo mara nyingi iliyokwangua kichwa. Bolti ikigoma, chomelea nati juu yake. Naam, huo pia ni moto, ila unatua kwenye bolti yenyewe. Na betri ichomolewe kwanza, jambo ambalo makala yake haikuligusa.