Hiyo "rangi mbili" unayoinong'ona dukani ina jina lake

Dada mmoja, mtoto wa Ngumbo aliyezoea maisha ya Dar, karudi kwao likizo. Siku ya tatu mkojo ukaanza kumchoma. Akaenda duka la dawa, akakuta vijana wawili wa boda, mama mwenye mtoto mgongoni na mzee mmoja anayefahamiana na baba yake. Nyuma ya kaunta yupo mama anayeimba kwaya moja na mama yake mzazi. Sasa hapo utaongea nini?

"Shikamoo mama. Naomba rangi mbili."

"Marahaba mwanangu. Ngapi?"

"Sita tu."

Hela ikatoka, vidonge vikaingia kwenye kikaratasi, biashara ikaisha. Hakuna aliyeuliza kitu. Na dada ana mimba changa ambayo hata mama yake hajaambiwa.

Shida ni kwamba rangi mbili sio dawa, ni rangi ya ganda. Ndani inaweza kuwa amoksilini, ambayo kwa kawaida mjamzito anaruhusiwa. Inaweza pia kuwa tetrasaiklini, ambayo mjamzito hapewi kwa sababu inaweza kuharibu meno na mifupa ya mtoto aliye tumboni. Halafu hao sita sio dozi ya chochote. Na mkojo unaochoma kwa mjamzito unatakiwa upimwe, maana maambukizi yakipanda hadi kwenye figo ni balaa.

Cha kushangaza, Ruvuma ndiko nchi ilikojifunzia haya mambo. Mwaka 2003 TFDA, ambayo siku hizi ni TMDA, ilianzia mkoani humo mpango wa Duka la Dawa Muhimu. Kabla ya hapo yalikuwepo maduka ya dawa baridi, ambayo dawa za cheti hayakuruhusiwa kuuza (yalikuwa yanauza kimyakimya, kila mtu anajua). Mpango ukaruhusu baadhi ya antibayotiki, ila muuzaji lazima apitie mafunzo: ajue kuuliza, kuelekeza, na kumpeleka mgonjwa zahanati ikibidi. Yaani ruhusa ya kuuza ilikuja pamoja na kazi ya kuuliza.

Wengi watamrukia yule mama wa kaunta, na ni kweli lawama anayo. Lakini hebu fikiria angeuliza kwa sauti, "Mwanangu, una mimba?" mbele ya mzee na wale wa boda. Jibu lingekuwa hapana, na jioni stori imeshafika Liuli. Swali la namna hiyo halina faida. Duka lisilo hata na kikona cha kuongelea wawili linawafundisha wateja kudanganya, na hilo ni kosa la mwenye duka kuliko la muuzaji.

Dada naye asijifiche sana kwenye aibu. Aliyeweza kunong'ona "rangi mbili" angeweza kunong'ona "mkojo unanichoma", au kuandika kwenye simu na kuisogeza: mkojo unachoma, mimba ipo, asijue mtu. Mama wa kwaya angesoma, angemwambia aende akapime, na wale wa boda wangedhani anaoneshwa picha ya harusi.

Dar hakuna anayemjua baba yake mtu. Na bado watu wanafika kaunta, wanataja rangi, wanalipa, wanaondoka.