Mchezaji wa Gemu Asikilizwe Kabla ya Kuhukumiwa

Katika nyumba nyingi za mijini, mashine ya PlayStation huhukumiwa kabla ya kesi kusikilizwa. Mtoto akishuka darasani, sababu ni gemu. Akisinzia mchana, gemu. Akijibu kwa ukali, gemu tena. Upande wa pili wapo vijana wasemao kwamba mchezo ni mchezo tu, na kwamba mtu mzima asiyewahi kushika pedi hana la kuwaeleza. Pande zote mbili zinakosa jambo moja: hazimuulizi mchezaji anapata nini, anahisi nini na anaacha nini anapocheza. Maswali hayo matatu ndiyo yanayotenganisha burudani na maradhi.

Mchezaji akipewa nafasi ya kueleza, jambo la kwanza analolifanya ni kuzitenganisha gemu. Mzazi anaona skrini moja inayometameta. Mchezaji anaona kazi zinazotofautiana kama tamthilia inavyotofautiana na mchezo wa bao. God of War iliyotoka mwaka 2018 ni hadithi ya baba mkali, Kratos, na mwanawe Atreus, wanaoyabeba majivu ya marehemu mama wa mtoto huyo hadi kilele cha mlima mrefu kuliko yote. Vita ndani yake ni vingi na vya damu, lakini mchezaji aliyeimaliza huzungumzia zaidi yule baba asiyejua namna ya kusema na mwanawe. Hellblade: Senua's Sacrifice ya mwaka 2017 inamweka mchezaji ndani ya akili ya msichana anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Watengenezaji wake walishauriwa na Paul Fletcher, mtaalamu wa magonjwa ya akili wa Chuo Kikuu cha Cambridge, pamoja na watu waliowahi kuugua hali hiyo. Mchezaji anayeicheza akivaa vipokea sauti masikioni huonja kwa saa kadhaa usumbufu ambao mgonjwa hawezi kuuzima. Gemu zote mbili zimepewa alama ya miaka 18 barani Ulaya, kwa hiyo si za watoto. Lakini kuziita upuuzi ni kusema juu ya kitu kisichojulikana.

Gemu ya mpira wa miguu ni jambo jingine kabisa. Mfululizo uliojulikana kwa jina la FIFA tangu mwaka 1993, na ambao tangu 2023 unaitwa EA Sports FC, ndio unaowakusanya vijana katika vibanda vya gemu vya Dar es Salaam, Mombasa na miji mingine mingi. Mle ndani mchezaji hayuko peke yake. Kuna foleni, kuna utani wa Simba na Yanga, kuna aliyefungwa anayempisha mwenzake. Ukumbi wenyewe unamwekea mipaka, kwa kuwa fedha zikiisha mchezo umeisha, na mwenye kibanda akifunga mlango kila mmoja anarudi kwao. Mipaka hiyo huondoka mashine inapohamia chumbani na kuunganishwa na intaneti. Huko, nusu mbili za dakika sita sita hufuatwa na nyingine mbili, mpinzani hakosekani hata saa tisa ya usiku, wala hakuna anayekuja kufunga mlango.

Hapo ndipo penye hatari halisi, nayo haitokani na mpira wenyewe. Gemu yenye hadithi ina mwisho, na mchezaji huufikia akaweka pedi chini. Gemu ya mtandaoni imetengenezwa isiwe na mwisho. Humpa mchezaji kazi za kila siku, zawadi za kila wiki na pakiti za kadi za wachezaji zinazonunuliwa kwa fedha halisi bila mnunuzi kujua atapata nani. Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kwamba pakiti za namna hiyo ni kamari kwa mujibu wa sheria zake. Uamuzi huo una uzito kitabibu, kwa sababu bahati isiyotabirika humrudisha mtu kwenye gemu kwa namna ileile inavyomrudisha kwenye mashine ya kamari.

Haitakuwa haki kutaja hatari na kuficha faida. Mwaka 2007 jarida la kitabibu la Marekani lilichapisha utafiti wa James Rosser na wenzake juu ya madaktari 33 wa upasuaji wa kutumia matundu madogo. Waliokuwa wamewahi kucheza gemu kwa zaidi ya saa tatu kwa wiki walifanya makosa machache kwa asilimia 37, na walikuwa wepesi kwa asilimia 27, kuliko wasiowahi kucheza. Utafiti huo ni mdogo, nao hauthibitishi kwamba gemu ndiyo iliyowapa wepesi wa mikono. Huenda wenye mikono myepesi ndio wanaopenda gemu. Hata hivyo unatosha kumfanya mwenye busara asitamke haraka kwamba mchezo huharibu akili.

Mwezi Mei 2019 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliidhinisha toleo la 11 la Ainisho la Kimataifa la Magonjwa, nalo lilianza kutumika Januari 1, 2022. Ndani yake umo ugonjwa wa uchezaji gemu. Wapo wataalamu waliopinga kuingizwa kwake, wakihofia kwamba vijana wenye afya watabandikwa jina la wagonjwa. Hofu hiyo ina msingi endapo maelezo ya ainisho hilo hayatasomwa kwa makini. Alama zake ni tatu: mchezaji ameshindwa kuutawala uchezaji wake, gemu imetangulia mbele ya mambo mengine ya maisha, naye anaendelea ijapokuwa madhara yamekwisha kuonekana. Hali hiyo lazima iwe imeathiri kwa kiasi kikubwa familia, masomo au kazi, na kwa kawaida iwe imedumu kwa muda usiopungua miezi 12. Hakuna mahali palipoandikwa idadi ya saa. Kijana anayecheza saa nne Jumamosi, kisha akalala vizuri na kwenda shule Jumatatu, si mgonjwa. Anayecheza saa mbili tu, lakini saa mbili hizo anaziiba usingizini kila usiku, anahitaji msaada mapema kabla ya kuufikia ugonjwa.

Kwa sababu hiyo, njia ya kupima kwa saa peke yake haitoshi, hata inapotumiwa na dola. China iliamuru mwaka 2021 kwamba walio chini ya miaka 18 wacheze gemu za mtandaoni saa moja tu, kuanzia saa mbili hadi saa tatu usiku, katika siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Amri hiyo inaweza kuzima mashine. Haiwezi kujua kama mtoto anakimbilia gemu kwa furaha, kwa upweke, au kwa kuukwepa ugomvi wa wazazi.

Mhudumu wa afya na mzazi wanao uwezo wa kulijua hilo, ikiwa watauliza kwa upole na kungoja jibu. Unacheza gemu ipi, na ina mwisho? Unacheza na nani? Unalala saa ngapi? Uliacha nini ulichokuwa ukikipenda? Ukiambiwa uzime sasa, inakuwaje? Umewahi kutumia fedha ukaficha? Swali moja zaidi ni la lazima, kwa kuwa wako wachache ambao kifafa chao huchochewa na mwanga unaomweka: umewahi kupoteza fahamu au kushtuka viungo mbele ya skrini? Aliyewahi apelekwe kwa daktari kabla ya kucheza tena.

Majibu yakionyesha kwamba usingizi, shule na marafiki vipo mahali pake, mchezaji aachwe na mchezo wake, na mzazi akipenda akae naye acheze. Yakionyesha kwamba vimeanza kuondoka kimoja baada ya kingine, mashine itolewe chumbani iwekwe sebuleni, muda wa kulala ulindwe, na msaada wa kitaalamu utafutwe bila kumwaibisha. Kijana aliyesikilizwa kwanza ndiye atakayekubali kusaidiwa. Aliyehukumiwa kwanza atafunga mlango na kuendelea kucheza.